Mkalimani Muongo na Binti wa Mzee Semboja

"Muongo wewe!"

Swaumu mwenyewe alishtuka kusikia sauti hiyo imetoka mdomoni mwake. Mkutano mzima wa kijiji ukageuka kumtazama.

Ndugu zangu, ngoja niwape mkasa huu, maana mpaka leo nikiukumbuka damu inanichemka.

Swaumu ni binti wa huku kwetu, vijiji vya ndani Handeni. Kasoma chuo kikuu, shahada ya Kiingereza. Akarudi nyumbani kusubiri ajira, na kejeli zikaanza. Kinara wa kejeli hizo? Baba yake mzazi, Mzee Semboja.

"Wenzako wamesomea unesi. Wewe umesomea kuongea! Nani atakuajiri kwa kuongea?"

Kila siku. Tena mbele ya wageni. Binti anameza tu.

Asubuhi ya mkutano, mzee akamwamsha kwa upole ambao hakuuzoea.

"Mwanangu, mpelekee shangazi yako maharage kule Masuguru. Lala huko huko, usiwe na haraka."

Swaumu akapanda basi la Korogwe linalopitia huko. Njiani akampigia shangazi.

"Mbona niko Tanga msibani?" shangazi akashangaa. "Baba yako anajua, nilimwambia juzi."

Swaumu akashuka, akachukua bodaboda, akarudi kijijini kichwa kikimuuma kwa maswali.

Akakuta watu wamejaa uwanja wa shule. Mbele amesimama mzungu mmoja anayetaka kukodi ardhi ya bondeni, na pembeni yake mkalimani kutoka mjini, anaitwa Erasto. Kachomekea, miwani ya jua usoni.

Mgeni akaeleza kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa: bonde lote litazungushiwa uzio, kisima kikiwa ndani, na kaya zote za pale zihame kabla ya masika.

Erasto akakohoa kidogo.

"Anasema mtaendelea kulima kama kawaida. Na kisima atakikarabati, kiwe cha wote."

Watu makofi! Bibi Chausiku, ambaye nyumba yake iko bondeni, akapiga vigelegele.

Hapo ndipo Swaumu alipofyatuka.

"Kaa chini!" Erasto akafoka. "Hicho chako Kiingereza cha darasani. Cha wenyewe hukijui!"

"Sikai! Shikamoo bibi Chausiku. Huyu mgeni kasema mhame. Unashangilia kuvunjiwa nyumba!"

Akamgeukia mgeni, akamweleza kwa Kiingereza kile Erasto alichowaambia watu. Mgeni akawa mwekundu kama nyanya.

"Lakini niliambiwa wameshakubali kuhama," akajibu. "Mzee wao mmoja alinihakikishia, nikamlipa kwa kazi hiyo, na ndiye aliyeniletea mkalimani huyu."

"Mzee gani?"

Mgeni akanyoosha kidole.

Mzee Semboja.

Maharage. Upole wa asubuhi. Usiwe na haraka. Kumbe kijiji kizima, mtu pekee aliyejua Kiingereza cha Swaumu kina kazi gani alikuwa baba yake. Alijua, akaogopa.

"Baba, ulinifukuza ili nisisikie?"

Mzee akatazama chini. "Hukutakiwa kurudi."

Basi. Hata samahani hakuna!

Swaumu akawatafsiria watu neno kwa neno alichosema mgeni kuhusu mzee wao. Machozi yanamtoka, lakini hakuruka hata neno moja. Erasto alishatoweka. Watu wakakataa, ardhi ikabaki yao.

Nyumbani hakurudi tena. Bibi Chausiku alimpa chumba, hadi alipopata kazi Korogwe, kwenye shirika linalosaidia wakulima. Anakalimani mikutano, anatafsiri mikataba. Wanakijiji wenzake wanamfuata huko huko. Baba yake hajawahi kukanyaga.

Sasa wewe uliyeko chuoni unasomea lugha, nawe unachekwa kila ukirudi likizo, nisikilize. Mtu akikazana kukuambia ulichosomea hakina kazi, usilie. Mwangalie vizuri usoni. Huenda ana jambo lake ambalo hataki ulielewe.