Jasho la Viganja

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa nikishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha nguo kule EPZ, eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje, Athi River. Kwenye cherehani nilikuwa mwepesi. Shida yangu ilikuwa jasho. Viganja vyangu vilitoka jasho tangu nikiwa darasa la tatu, hata asubuhi za baridi ya Julai, na hakuna aliyejua sababu. Kazini niliweka kitambaa mapajani, na kila nikimaliza kola moja, najipangusa.

Siku moja tukaletewa kitambaa cha rangi ya krimu. Kabla ya chakula cha mchana, supavaisa wetu alisimama nyuma yangu akainua kola juu, laini nzima ya washonaji ikaiona. Ilikuwa na alama za vidole.

"Ni nani anakula mandazi kwa mashine?"

Watu wakacheka. Ningeweza kusema ni jasho. Nikasema, "Pole, madam. Ni mimi nilikula." Afadhali wanione mlafi. Nikatolewa kwenye cherehani, nikapelekwa kukata nyuzi.

Nilipoenda nyumbani, ng'ambo ya Kyumbi, nilimwambia mama nimebadilishiwa kazi. Aliniangalia mikono. Nilipopata ofu, siku ya kupumzika kazini, akanipeleka hospitalini, Machakos mjini.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alisema anataka kupima jasho linaharibu maisha yangu kwa kiasi gani, kwa hivyo ataniuliza mambo, nami nijibu kama ni hapana, kidogo au sana.

"Linakusumbua ukisalimia watu?"

"Hapana."

"Ukifanya kazi?"

"Hapana."

"Na urafiki? Mchumba?"

"Hapana."

Nilijibu haraka, mikono nimeikalia. Na kwa njia fulani sikuwa nadanganya. Kusalimia hakukunisumbua kwa sababu nilikuwa nimeacha kusalimia. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, nilishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Na mwalimu mmoja aliyenipenda nilimwambia niko na mtu mwingine, siku ile aliponyoosha mkono kunishika tukitoka sokoni. Mtu mwingine hakuwepo.

Daktari akasema, "Kwa majibu haya, dada, hali yako si mbaya."

"Anakudanganya," mama akasema.

"Mwaitu, mama, wacha," nikamnong'oneza. Mama hakuacha.

"Daktari, niko na mjukuu wa miezi minne, mtoto wa kaka yake huyu. Hajawahi kumbeba hata siku moja. Kila siku anasema ako na homa, asije akamwambukiza. Homa gani hiyo ya miezi minne?"

Nilitamani sakafu inimeze. Si kwa sababu daktari alisikia. Ni kwa sababu miaka yote hiyo nilidhani nimejificha vizuri, kumbe mama alikuwa akiona kila kitu na kuninyamazia.

Daktari aliweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Hebu niambie, ni vitu gani umeacha kufanya kwa sababu ya hii mikono?"

Sikuweza kumtazama. Nilianza na kanisa. Nilipofikia habari ya yule mwalimu, mama akageukia dirisha, na najua alifanya hivyo ili nisione uso wake.

Nilipewa dawa ya kupaka kabla ya kulala. Ilichoma, na kuna siku ilisaidia, kuna siku haikusaidia. Daktari mwenyewe alikuwa ameniambia huenda ikawa hivyo. Mkataba wa kiwanda ulipokwisha sikuomba mwingine. Nilifungua kibanda cha mboga Kyumbi, na kazi ya mboga haikosi maji, kwa hivyo hakuna anayeshangaa mikono yangu ikiwa imelowa. Wateja wananiita mama mkarimu, kwa kuwa huwa nawaongezea mboga. Lakini hadi leo, nikimrudishia mtu chenji, naiweka juu ya meza aichukue mwenyewe.