Mabeseni Mawili ya Kinyesi

Nikinusa kinyesi kibichi cha ng'ombe, namkumbuka kila aliyekuwepo siku ile pale Kasokola: mimi, mdogo wangu Deo, kitinda mimba wetu Neema, jirani yetu Mzee Masanja, shangazi Yustina aliyefika jioni, na ng'ombe wa Mzee Masanja, ambao nao nawahesabu kwa jinsi walivyotusumbua.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili niwalee wadogo zangu. Shangazi alikuwa anakuja kutoka Usevya kuona kama tunaweza kuishi wenyewe. Akikuta nyumba imetushinda, angetugawa kwa ndugu. Nikaamua atukute na sakafu mpya.

Jikoni nilikuwa nimeshasiriba kwa beseni moja la kinyesi na majivu. Nikapima jiko kwa fito, kisha sebule: urefu mara mbili, upana mara mbili.

"Basi mabeseni mawili," nikatangaza kwa sauti ya mwalimu.

Tukaanzia ukuta wa ndani. Mabeseni yakaisha, na nusu nzima ya sebule ikabaki vumbi tupu.

"Deo, unapaka nene kama siagi kwenye mkate!"

"Dada, siagi nimeila wapi mimi?"

Tukakimbilia zizini. Kinyesi chote kilikuwa kimeshapelekwa shambani. Tukawafuata ng'ombe malishoni, Neema akinyata na beseni nyuma ya dume lililokuwa likila tu, halitoi. Mzee Masanja akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Nyie watoto, msilikodolee macho! Hata nyie mngeweza?"

Shangazi alitukuta ndio kwanza tumerudi na beseni moja, mikono ya kijani hadi viwikoni. Akaitazama sebule. Kisha akavua kandambili, akakaza kitenge, akapiga magoti sakafuni.

"Mwanangu, jiko lako linaingia humu mara nne. Mawili kwa urefu, na kila moja lina mwenzake ubavuni. Deo, rudi kwa ng'ombe."

Tulipomaliza akanawa, akasema, "Hili ni deni. Mtakuja wote watatu kusiriba kwangu."

Nilinung'unika moyoni, maana nyumba yake ni kubwa. Nilisikia kazi tu. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba anayewadai watu watatu kwa pamoja ameshaamua kutowatenganisha.

Mpaka leo deni hilo hatujalilipa, kwa makusudi. Kila akipiga simu anauliza tunakuja lini, nasi tunamjibu, baada ya mavuno.