Utepe wa Mashine ya Hewa

Miaka huja na kwenda kwa idhini ya Mola, nayo thelathini na miwili ilimpitia mkunga mmoja katika wodi ya uzazi yenye vitanda vinne na dirisha lisilofungika. Waliozaliwa mikononi mwake walirudi kuzaa hapo hapo, wakimwita Bibi Mkasi, kwani mkasi wake wa kukatia vitovu haukumtoka mfukoni.

Miaka kumi aliandika barua kuomba mashine ya oksijeni. Hatimaye ikaja, ikawekwa stoo, ikazungushiwa utepe mwekundu. Mganga mfawidhi akamkabidhi ufunguo: isiguswe mpaka mgeni rasmi aizindue. Mgeni akaahirisha mara tatu. Mkunga, asiyewahi kuvunja agizo, akawa anaipangusa vumbi kila Jumatatu.

Asubuhi moja akaletwa binti yake mwenyewe, uchungu umemshika.

"Mama, leo usinifokee kama unavyowafokea wenzangu."

"Sukuma, mwanangu. Nitakufokea ukishazaa."

Wakacheka. Akazaliwa mtoto wa kike, midomo ya buluu, akivuta pumzi kwa shida. Mkunga akampigia simu mganga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina kichanga hapa kinaishiwa pumzi. Niruhusu niifungue mashine."

"Mama yangu, mgeni anakuja Alhamisi na wapiga picha! Hebu ngoja niwaulize wakubwa, nitakupigia."

Hakumwambia kuwa ni mjukuu wake. Aliona haya kuwapendelea walio wake, jambo ambalo hakulifanya maisha yake yote. Akangoja, akimpulizia mtoto hewa kwa mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono. Dakika ishirini zikapita, simu kimya. Ndipo alipomwachia muuguzi ule mfuko, akakimbilia stoo, akaukata utepe kwa mkasi wake. Mashine ikawaka papo hapo. Alipoifikisha kitandani, kifua kidogo kilikwisha tulia.

"Kumbe ilikuwa nzima?" binti aliuliza.

"Nzima, mwanangu."

"Tangu lini?"

Mama akamfunika mtoto.

Alhamisi utepe mwingine ulifungwa. Mkasi wa sherehe ukawa butu, wakaazima wa mkunga. Akautoa mfukoni, akampa mgeni kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi. Hakuurudisha tena mfukoni.

Mwenyezi Mungu amtulize moyo mama huyu, ampe bintiye subira na uzazi mwingine wa heri, na kile kichanga kilichoondoka bila jina akipokee pale ambapo hakuna anayeambiwa angoje. Amina.