Baridi ya Meksiko Haiji Juni

Kwenye ofisi ya tiketi za ndege huku Umbilo, kusini mwa Afrika, ambako baridi huja Juni, mbele yangu walisimama Warundi wawili, mume na mke. Mke alikuwa akikohoa. Kaka yake anaziba pancha Meksiko, kwenye kimji cha jangwani kando ya barabara kuu, na alipiga simu: "Mje wakati wa baridi. Hewa iko kavu, kifua kitapona."

"Tunaenda Juni," alisema mume. "Chumba tulichopanga tumesharudisha."

Dada wa kaunta, Mtanzania, akaweka kalamu chini. "Kaka, Juni huko ni joto la kuua. Baridi yao ni Desemba."

Tukihama tunabadilisha pesa na lugha, majira tunayasahau.

Mke akafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja. Akamuuliza mumewe taratibu, "Na hiyo Desemba, nitakuwa nipo?"