Faluda ya Nyanya na Mwani wa Jirani

Ndugu yangu, hadi leo sijaelewa. Juzi, Ramadhani ikikaribia, niliingia dukani hapa Mji wa Kale kununua zile nyuzi nyeupe za kugandishia faluda. Mwenye duka, katika mazungumzo tu, akaniambia zinatokana na mwani. Nikamcheka. Akanigeuzia pakiti, nikasoma mara mbili.

Wajua, nimelelewa mtaani Kuze na nyanya, na faluda yake ilisifiwa mtaa mzima: maziwa, iliki, arki kidogo ya kunukia, imegandishwa kwenye sinia na kukatwa vipande. Jioni za Ramadhani mimi ndiye niliyetumwa kupeleka sahani kwa majirani, nao hawakuzirudisha tupu. Kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia hukitaki tena chake.

Mwaka mmoja, mwanzo wa mfungo, akapanga chumba cha chini nyumbani kwetu mwanamke wa Pemba. Kwao walilima mwani. Akatuletea sahani ya mwani aliopika kwa tui na pilipili. Baada ya adhana nilidokoa jikoni: mlaini, unateleza, una chumvichumvi. Mtamu, haki ya Mungu! Nyanya akanipokonya, akaumwaga wote.

"Mwani ni wa samaki," alisema. "Kamrejeshee sahani yake."

"Hivi hivi tupu, nyanya?"

"Tupu."

Nikaipeleka. Jirani aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama. "Ahsante, mwanangu. Nisalimie nyanyako." Kabla ya Idi alikuwa amehama. Nasi jioni ile ile niliyorudisha sahani tulikula faluda.

Je, nyanya alijua kuwa faluda yake ikigandishwa kwa mwani? Kama alijua, alimtendea vile kwa nini? Kama hakujua, namlaumu vipi marehemu? Nampenda na namwonea haya, vyote pamoja. Siku hizi kila mtu ausifu mwani: una madini, hauhitaji shamba, mbolea wala maji ya mfereji. Sisi tuliletewa mlangoni, umeshaungwa. Na pale Kuze sahani hazitembei tena kama zamani. Milango mingi ina kufuli na wenyewe wako mbali.

Wiki hii nimeanza kumtafuta yule mama nimwombe radhi. Nimewauliza wazee waliobaki, na kila mmoja huniuliza kwanza jina lake nani. Silijui. Tuliishi naye nyumba moja, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza.