Nyuki wa Felista na mlango wa potasiamu

Saa kumi na mbili asubuhi, Rungwa, mkoani Singida. Mwandishi wa makala haya hajawahi kukimbia nyuki, na hilo msomaji alishike mapema.

Felista Mughwai anainama mbele ya mzinga, wavu usoni. Mlangoni pa mzinga ameweka kioo chenye nyaya nyembamba zilizoungwa na betri ya pikipiki. Nyuki wakitua, umeme kidogo unawachokoza. Wanakichoma kioo kwa hasira, na sumu inakauka kuwa unga mweupe.

"Usiniombe moshi," anaonya. "Leo hakuna."

Warina asali wa hapa huwatuliza nyuki kwa moshi. Mara ya kwanza Felista naye alifukiza, masizi yakaingia kwenye unga, na maabara inayonunua unga huo ikaukataa.

"Ni mazoea tu. Mkono ulikwenda wenyewe," anasema.

Unga wa pili aliutuma wiki iliyopita. Ukikataliwa tena, maabara itatafuta mfugaji mwingine, na kikundi chake cha wanawake kitabaki kutegemea asali, ambayo mwaka wa ukame haitoshi hata ada ya shule. Majibu ni leo, kwa simu.

Sumu hiyo hupimwa kwenye protini ya binadamu ambayo haikutolewa mwilini mwa mtu. Wataalamu hupandikiza vinasaba vya binadamu kwenye chembe hai zinazofugwa maabara, nazo huitengeneza. Ni kama kimlango cha kupitishia potasiamu, na sumu safi hukifunga. Dawa bado, kwa sasa ni utafiti.

"Kumbe na wao wanafuga!" Felista anacheka. "Ila mifugo yao haichomi."

Simu yake inaning'inia kwenye msumari jikoni kwa mama mkwe wake, Bibi Evodia, maana mtandao unashika hapo tu.

Ghafla nyuki mmoja anapenya ndani ya wavu wa mwandishi. Muda mfupi baadaye simu inalia, na kwa bahati njema mwandishi yuko jikoni.

"Dada Felista?" Ni Leonidas, fundi wa maabara.

"Yuko mzingani, kaka. Nipe mimi, nitamfikishia."

"Mwambie mlango umefungika. Unga ni safi, alete mwingine."

Akipelekewa habari, Felista anaketi chini palepale, wavu bado usoni.

"Hebu rudia."

Mwandishi anarudia.

"Basi kioo cha pili ni cha Jenipher, mwenzangu wa kikundi," anasema. "Nitawafundisha wote kikundini. Ila kwanza nawanyang'anya moshi!"

Kisha anamgeukia mwandishi. "Na wewe, simu uliisikiaje kutoka huku?"

"Masikio ya kazi, dada. Ilipolia tu, nikaikimbilia."

Bibi Evodia anatokea na mwiko mkononi. Mwandishi anawahi: "Shikamoo, bibi!"

"Shikamoo ya pili ya nini, mjukuu wangu? Ya kwanza umeniamkia ukiwa ndani ya gunia langu la mkaa, na simu ilikuwa haijalia."