Mashine za masikio na ngoma za Njeri

Leo nimeusifu wimbo ambao haujaanza.

Binti yangu Njeri ni nesi hapa Lewisville. Akitoka kazini hupanga ngoma kwenye kompyuta, za ule muziki wanaouita liquid drum and bass: ngoma zinakimbia, kinanda kinatulia. Huniletea kitandani nizisikilize, maana nilifundisha kwaya miaka mingi.

Nami huwa nimezitoa mashine zangu za masikio, zile za kunisaidia kusikia. Naitikia tu kwa kichwa. (Nisameheni, nachoka.)

Leo nikasema, "Safi sana, mwanangu!"

"Baba, bado hata sija-play."

Nikakiri yote. Hakucheka.

Nikavaa mashine, akauanzisha. Nikamwambia zile ngoma ndogo zinazopigwa katikati ya zile kubwa zote zina nguvu moja. Mkono wa mtu haupigi hivyo. Akazipunguza, hii zaidi, ile kidogo. Wimbo ukachangamka.

Akajifuta macho.

"Na zile nyimbo zingine zote ulizosema ni safi?"

Nikamwambia sikusikia hata wimbo mmoja.

"Basi tuanze na ule wa kwanza."

Ziko nyingi, marafiki, na daktari amesema siku zangu si nyingi. Niombeeni nizimalize.